Nabii Mwenye Woga Alipewa Mkate

Neno la Jumapili kwa wanaojiandaa na mtihani wa pikipiki, na kwa familia zao

Masomo: 1 Wafalme 19:1–8, Waamuzi 7:9–15, Mathayo 14:22–33

 

Katika maombi ya katikati ya wiki, kuna ombi ambalo sasa tumelizoea. Jina la kijana linatajwa, halafu mtihani wa pikipiki. Sauti zinapanda, roho ya woga inakemewa, tunasema Amina. Kijana anarudi nyumbani, anajilaza, na moyo bado unadunda. Sasa ana mizigo miwili. Wa kwanza ni mtihani wenyewe. Wa pili ni wazo kwamba imani yake ni ndogo, kwa kuwa woga umekemewa na haukutoka. Neno la leo ni kwa ajili ya huyo kijana, na kwa ajili ya sisi tunaoishi naye nyumba moja.

Tunataka kusema jambo moja tu. Mungu wa Biblia hamwaibishi mtu mwenye woga, na mara nyingi hauondoi woga kwanza ndipo amtume. Humlisha, humpa mwenzake, kisha huyageuza macho yake. Basi nasi tutendeane hivyo.

Mtihani wenyewe na uzito wake

Wazazi wengine wanasikia tu "mtihani, mtihani" na hawajui mtoto anapitia nini. Tuueleze kidogo.

Hapa Uingereza, anayetaka kuendesha pikipiki huanza na leseni ya mwanafunzi, halafu huenda kwenye mafunzo ya lazima yanayoitwa CBT. Hapo hufundishwa uwanjani, kisha hupelekwa barabarani kwa muda usiopungua saa 2. Akimaliza vizuri hupewa cheti, na kuanzia umri wa miaka 17 anaweza kupanda pikipiki ya hadi cc 125 yenye kibao cha herufi L nyekundu. Haruhusiwi kubeba abiria wala kuingia motorway. Cheti hicho hudumu miaka 2. Kikiisha na hajapata leseni kamili, lazima arudie mafunzo hayo.

Leseni kamili ina milango mingine. Kuna mtihani wa nadharia wenye maswali 50, na ili kufaulu unatakiwa kupata 43. Siku hiyo hiyo unaonyeshwa video 14 za barabarani, nawe ubonyeze pale unapoona hatari ikianza kujitokeza. Unatakiwa kupata alama 44 kati ya 75. Mtihani huu ni kwa Kiingereza au Kiwelsh. Kiswahili hakimo. Kisha kuna mtihani wa vitendo, nao una sehemu mbili. Ya kwanza ni uwanjani: kusukuma pikipiki kwa mikono, kupita zigzagi kati ya koni, kuzunguka kwa umbo la namba nane, kwenda polepole kama mtu anayetembea, kugeuza pikipiki pale pale, kufunga breki za dharura, na kukwepa kizuizi. Mbili hizo za mwisho hufanywa kwa mwendo usiopungua kilomita 50 kwa saa. Sehemu ya pili ni barabarani, kwenye magari ya kweli, kwa dakika 30 au zaidi, huku mtahini akikufuata nyuma na kukupa maelekezo kwa redio iliyo sikioni.

Huo ndio mtihani. Lakini uzito wake hauko kwenye koni. Uzito uko kwenye kodi ya nyumba, na kwenye karo ya mdogo wake aliyeko Kisumu, Mwanza au Bukavu. Vijana wetu wengi wanapeleka chakula kwa pikipiki usiku na mvua, na cheti cha CBT kikikaribia kuisha, ni mkate wa nyumba unaohesabiwa siku. Ndiyo maana mikono inatetemeka.

Na wako ndugu zetu wenye uzito mwingine. Huyu aliendesha bodaboda miaka kumi. Alibeba mama mjamzito usiku akamfikisha hospitali, alibeba gunia la mahindi na abiria juu yake. Leseni yake ya nyumbani, iwe ya Kenya, Tanzania au Kongo, haibadilishwi hapa. Inamruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu aanze kuishi nchini, halafu anatakiwa kufanya mtihani kama mtu yeyote. Sasa anapachikwa herufi L mgongoni mwa pikipiki, na anayemfundisha ni kijana wa umri wa mwanawe. Woga wa ndugu huyu una aibu ndani yake. Haogopi pikipiki. Anaogopa kuambiwa hajui kitu ambacho kilimlisha. Ndugu, Naamani alikuwa jemadari, naye alikasirika alipoambiwa akaoge Yordani kama mtu wa kawaida. Aliposhuka mtoni mara zote saba alitoka akiwa mzima, na ujemadari wake haukupungua hata kidogo.

Woga si dhambi

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi huuona woga mwilini kabla haujasemwa mdomoni. Mgonjwa anasema, "Niko sawa, sista." Lakini viganja vimelowa, mapigo ya moyo yamepanda, kinywa kimekauka, na karatasi ya kutia sahihi inatikisika. Hasemi uongo. Mwili umetangulia kusema.

Hivyo ndivyo Mungu alivyotuumba. Tukikutana na jambo kubwa, mwili humwaga kemikali iitwayo adrenalini. Moyo hupiga haraka ili damu iende kwenye misuli. Pumzi huwa fupi. Tumbo huvurugika, kwa kuwa mwili umeahirisha kazi ya kusaga chakula. Mabega hupanda na ngumi hukaza. Macho nayo hushika kitu kimoja na kusahau vingine. Ni mfumo wa kutuokoa na simba. Kwenye pikipiki, mfumo huo huo unaweza kutusumbua, kwa sababu pikipiki inataka mikono laini. Aliyekaza mikono hukata klachi kwa kishindo, huvuta mafuta kwa kurukaruka, na hawezi kuiweka pikipiki wima katika mwendo wa polepole.

Kwa hiyo, mwenye viganja vyenye jasho asiambiwe kwamba ana pepo. Ana mwili. Zaburi ya 56 iliandikwa na mtu anayekiri kuwa zipo siku anazoogopa, na siku hizo hizo ndizo anazomtumaini Mungu. Hakusubiri woga uishe ndipo atumaini. Viwili hivyo vilikaa katika kifua kimoja. Sasa tuone Bwana anavyomtendea mtu wa namna hiyo.

Kwanza: mkate na usingizi

Eliya alikuwa ametoka mlimani Karmeli akiwa mshindi mbele ya taifa zima. Siku chache hazijapita, ujumbe wa Yezebeli unamfikia naye anakimbia kuokoa maisha yake. Anafika jangwani, anaketi chini ya mretemu, anaomba afe. Huyu ni nabii aliyeshusha moto kwa maombi.

Tazameni Mungu anavyoanza. Hamkumbushi Karmeli. Hamuulizi imani yake imekwenda wapi. Anamwacha alale. Kisha malaika anamgusa, na pale kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, anamlisha tena, kwa kuwa safari iliyo mbele ni kubwa kumshinda. Mazungumzo yanakuja baadaye sana, huko Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Kwanza mkate. Kwanza usingizi.

Sasa tuseme wazi, kama wauguzi na kama watu wa kanisa hili. Wapo wanaofunga kula asubuhi ya mtihani ili kuonyesha kwamba wako makini na Mungu. Tunaheshimu kufunga. Lakini mtu aliyekaa bila chakula wala maji, akapanda pikipiki kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa na kutakiwa afunge breki ghafla, anaweza kupatwa na kizunguzungu, mikono ikatetemeka zaidi, na akili ikachelewa. Mwenye kisukari anajiweka katika hatari kubwa zaidi. Funga wiki kabla ya mtihani ukitaka, na mwenye ugonjwa aulize kwanza. Siku yenyewe, kula. Uji, mkate na yai, ndizi, chochote ambacho tumbo lako limekizoea. Kunywa maji. Hata nabii alilishwa.

Vivyo hivyo kwa usingizi. Tunajua zamu za hapa. Kuna anayetoka kazini saa moja asubuhi akiwa na mtihani saa nne. Ikiwezekana kwa namna yoyote, omba ruhusa usiku ule au badilishana zamu na mwenzako mapema. Mashujaa wa kukesha wanaweza kukesha siku nyingine.

Na vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu havitulizi woga. Kafeini huongeza mapigo yale yale unayotaka yashuke.

Kuna jambo zito zaidi. Tumesikia vijana wakigawana vidonge vya kushusha mapigo ya moyo, mmoja akimwambia mwenzake, "Meza hiki, utatulia." Tafadhali sana, msifanye hivyo. Dawa aliyoandikiwa mwenzako iliandikwa kwa mwili wake. Baadhi ya vidonge hivyo ni hatari kwa mwenye pumu, na vinaweza kumletea mtu kizunguzungu au uchovu akiwa juu ya pikipiki. Kama woga wako umezidi, hulali kwa wiki nyingi, kifua kinabana, unakwepa kazi na watu, nenda kwa GP wako ukamweleze. Kwenda kwa daktari si kumkosea Mungu. Yeye ndiye aliyemtuma malaika na mkate.

Lipo jambo dogo ambalo halina gharama. Ukiwa umekaa unasubiri kuitwa, shusha mabega. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka nne, kisha itoe taratibu ukihesabu mpaka sita. Rudia kwa dakika mbili tatu. Pumzi ndefu ya kutoa nje huuambia moyo upunguze mwendo. Ukitaka, tia jina la Bwana katika pumzi hiyo. Ni sala fupi, na mtahini hata hatajua kama unasali.

Pili: Pura, mtumishi wa Gideoni

Kabla ya vita na Wamidiani, watu 22,000 walikiri kwamba wanaogopa, wakaruhusiwa kurudi nyumbani bila kutukanwa. Tunaipenda habari hiyo, na mara nyingi tunamfikiria Gideoni kama jasiri aliyebaki. Lakini soma mbele kidogo. Usiku ule Mungu anamwambia Gideoni ashuke kwenye kambi ya adui, na anaongeza neno la upole: kama anaogopa kushuka, basi aende na Pura mtumishi wake. Mstari unaofuata unasema nini? Gideoni alishuka pamoja na Pura.

Yaani aliogopa. Kiongozi mwenyewe aliogopa, Mungu alijua, naye hakumfukuza. Alimpa mtu wa kwenda naye gizani. Eliya kwa upande wake alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake, na huko ndiko moyo ulikovunjika. Woga ukikaa na mtu peke yake huota pembe.

Basi kila mwenye mtihani awe na Pura wake. Na Pura hafanyi kazi ya kuhubiri. Katika Biblia yote hatusikii neno hata moja kutoka kinywani mwake. Alikwenda tu.

Pura anaweza kuwa mtoto wako. Nyumba nyingi hapa, mtoto wa darasa la sita anasoma Kiingereza haraka kuliko baba. Mpe kitabu cha Highway Code akuulize maswali jioni baada ya kula. Baba, usione aibu. Kuuliza si ujinga. Mtoto anayemwona baba yake akijifunza kwa unyenyekevu amepata funzo ambalo shule haimpi.

Pura anaweza kuwa ndugu aliyefaulu mwaka jana, anayekuzoeza maelekezo ya redioni kwa Kiingereza cha hapa: kushoto, kulia, simama pembeni, chukua njia ya tatu kwenye mzunguko, ule ambao watu wa Dar huuita kipilefti. Wengi hawaogopi kuendesha. Wanaogopa kutosikia. Jueni hili: unaruhusiwa kumwomba mtahini arudie. Unaruhusiwa kumwambia mapema kwamba una wasiwasi. Na ukielekezwa kushoto wewe ukaenda kulia, hilo peke yake halihesabiwi kuwa kosa, mradi umeashiria, umetazama, na umekata kona kwa usalama. Mtahini atakurudisha kwenye njia.

Ndugu zetu, tulikae kidogo neno hili. Mtihani huo haukupimi kama umepotea njia. Unapima ulivyoendesha ulipokuwa umepotea. Wangapi kati yetu tuko katika nchi ambayo hatukupanga kuishi, katika kazi ambayo hatukuisomea, mbali na njia tuliyoelekezwa tukiwa watoto? Anayetufuata nyuma hakasiriki kwa kuwa tumeingia mtaa mwingine. Anatazama kama bado tunaangalia wengine, kama bado tunaashiria, kama bado tunampisha anayevuka kwa miguu. Na anajua njia ya kuturudisha.

Pura anaweza kuwa mama. Hapa tuseme kwa upole, kwa maana tunajua moyo wa mama. Sisi wa hospitali tumewaona walioanguka na pikipiki, na hatutawadanganya kwamba hatari haipo. Lakini mama, ukimwambia mwanao kila asubuhi, "Hiyo pikipiki itakuua," unampandisha barabarani akiwa na woga wako juu ya woga wake. Sema neno lenye kazi. Muulize kama helmeti imemkaa sawasawa na mkanda umefungwa chini ya kidevu. Muulize kama glavu na koti ni za kweli au ni za kujionyesha. Watu husema ajali haina kinga, lakini kinga nyingi zipo, na helmeti ni sheria hapa tangu 1973. Halafu mwekee mkono begani, umbariki, umwache aende.

Tatu: macho yanakokwenda

Kila mwalimu wa pikipiki hufundisha jambo hili, awe Mkristo au asiwe: pikipiki hufuata macho. Ukitazama shimo, utaingia kwenye shimo. Katika kugeuza pale uwanjani, anayetazama mstari uliochorwa chini, akiogopa kuuvuka, huuvuka au huweka mguu chini. Anayegeuza kichwa na kutazama mbali, pale anapotaka kwenda, mikono humfuata na pikipiki humfuata. Katika koni ni hivyo hivyo. Usiitazame koni. Tazama nafasi iliyo kati ya koni.

Mtume Petro aliposhuka chomboni alitembea juu ya maji. Tukumbuke hilo kabla ya kumcheka. Alitembea. Upepo haukuanza baadaye. Ulikuwepo tangu mwanzo, na mawimbi yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni mahali pa macho. Alipouangalia upepo akaogopa, na alipoogopa akaanza kuzama.

Waebrania 12 inatuambia tupige mbio huku tukimkazia macho Yesu. Si kwamba tujifanye hatuoni hatari. Mwendesha pikipiki mzuri anaona kila kitu: lori linalotoka, mlango wa gari unaofunguka, majani yaliyolowa kwenye kona. Kabla ya kukata kona hugeuza kichwa na kutazama nyuma ya bega, kwa maana kioo hakionyeshi yote. Anaiona hatari, anaipa nafasi yake, kisha macho yanarudi kwenye njia. Kuona hatari ni busara. Kuikodolea macho ndiko kunakotuangusha.

Basi wiki ya mwisho, macho yako yako wapi? Kama unakesha ukitazama video za watu walioanguka mtihani, unaikodolea koni. Kama unahesabu pauni 75 za mtihani wa barabarani na pauni 15 na senti 50 za ule wa uwanjani, na kuona namna zitakavyopotea, unaikodolea koni. Fanya zoezi lako. Kisha funga simu, tazama njia.

Mtahini si adui

Tumesikia maombi ya kumfunga mtahini. Wapendwa, tuwe waangalifu. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu aliagiza kwamba anayejenga nyumba aweke ukuta pembezoni mwa dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Sheria hiyo haikuwekwa ili kumtesa mwenye nyumba. Iliwekwa kwa kuwa Mungu anapenda watu wafike chini kwa ngazi.

Mtihani ni ukuta wa namna hiyo. Mtahini anataka kujua kama utarudi nyumbani jioni, na kama mtoto anayevuka barabara atafika shule. Mwombee. Omba naye awe amelala vizuri, awe na amani nyumbani kwake, akutazame kwa haki. Na ukimwombea mtu, ni vigumu kumwogopa kama ulivyomwogopa jana.

Pia mtu asitafute njia ya kuuruka ukuta. Kupanda na cheti kilichokwisha muda, au bila bima, si imani. Mungu hapokei sadaka iliyopatikana kwa kuhatarisha damu ya jirani.

Na ukianguka

Tuombe mfaulu wote. Lakini si wote watakaofaulu siku ya kwanza, na Injili isiyo na neno kwa walioanguka si Injili.

Petro alizama. Angalieni neno linalofuata katika Mathayo: mara hiyo hiyo Yesu alinyosha mkono akamshika. Swali kuhusu shaka lilikuja wakati mkono umekwisha kumshika. Bwana hakumwacha anywe maji kwanza ili ajifunze. Kisha walirudi chomboni pamoja. Na Petro huyu ndiye aliyesimama kuhubiri siku ya Pentekoste.

Ukishindwa sehemu ya uwanjani, sheria inasema usubiri angalau siku 3 za kazi ndipo urudie. Ukishindwa ile ya barabarani, ni siku 10 za kazi. Ni siku za kulala, kula, na kufanya zoezi la lile jambo moja lililokuangusha. Muulize mtahini akueleze makosa, usikilize, uyaandike. Katika sehemu ya uwanjani unaweza kufanya makosa madogo hadi 5 na bado ukafaulu, na barabarani hadi 10. Kinachokuangusha ni kosa kubwa moja, lile la hatari. Kwa hiyo ukikosea kidogo katikati ya mtihani, usiubebe huo ukosefu mpaka mwisho. Uache nyuma, tazama mbele. Kujikwaa si kuanguka.

Na sasa neno kwa kanisa lote. Kijana aliyeombewa mbele ya watu akashindwa mtihani, Jumapili inayofuata hupata shida kuingia mlangoni hapa. Anajua kila mkono atakaousalimu utakuwa na swali. Wengine hukaa nyuma, wengine hawaji kabisa, nasi tunapoteza mtu kwa sababu ya koni. Isiwe hivyo kwetu. Mtu akitoka kwenye mtihani, neno letu la kwanza lisiwe, "Umepita?" Liwe, "Umekula?" Malaika alianza hapo. Akitaka kusema matokeo atasema mwenyewe, na akisema ameshindwa, mkaribishe mezani, umpakulie, mpange siku ya kurudi uwanjani pamoja.

Thamani yake haikuwa kwenye cheti kabla ya mtihani, na haiwezi kuwa kwenye cheti baada yake. Alinunuliwa kwa bei nyingine.

Tuombe

Baba yetu, uliyemwoka Eliya mkate jangwani, watazame wanao wanaokwenda mtihani wiki hii. Wape usingizi usiku na hamu ya kula asubuhi. Uilegeze mikono yao iliyokaza. Wape mtu wa kwenda naye, hata kama ni wa kukaa naye kimya. Uyainue macho yao wayatoe kwenye koni, wakuone wewe na njia iliyo mbele. Mbariki mtahini na nyumba yake. Watunze wote walioko barabarani usiku kwa ajili ya mkate wa wengine. Atakayefaulu, mpe moyo wa shukrani na mwendo wa taratibu. Atakayeanguka, mshike mara hiyo hiyo, na utumie mikono yetu. Katika jina la Yesu. Amina.

Ya kuzungumza nyumbani wiki hii

1. Kila mmoja, mkubwa na mtoto, aseme jambo moja analoliogopa. Wengine wasikilize tu, wasitoe ushauri.
2. Nani katika nyumba yetu au ushirika wetu ana mtihani mwezi huu, wa pikipiki, wa gari, wa kazi au wa uraia? Nani atakuwa Pura wake?
3. Someni 1 Wafalme 19:1–8 kwa sauti. Mungu alimfanyia Eliya mambo gani kabla ya kuzungumza naye? Tunaweza kumfanyia nani lipi kati ya hayo?